Yona Juu ya Mistari

Jumatatu, 3 Machi

Vitumbua vimeisha mapema. Kuni mbichi, macho yananiwasha hadi sasa. Mchana nesi kaja chekechea kupima watoto uzito na urefu. Yona wangu kawapita wote. Nukta yake iko juu kabisa ya mistari ya kadi. Juu! Nimerudi sokoni Kasulu natembea kwa madaha. Jioni nimechinja jogoo. Mama mkwe kapiga vigelegele, kasema sasa wa Mabamba waje waone. Mabamba ndiko tulikomzika Evelina, dada yake Yona. Yeye walimzungushia utepe mkononi ukaishia kwenye rangi nyekundu, ya njaa kali. Mwaka ule mihogo ilituozea shambani.

Jumatano, 5 Machi

Nesi kaniita. Kumbe juu ya mistari si sifa. Yona kazidi uzito kwa urefu wake. Kauliza anakula nini. Nimemtajia bila kuficha: chai ya sukari, vitumbua vyangu, soda ya baba yake kila akitoka mashine ya kusaga, ugali mpaka akinai mwenyewe. Kasema soda na vitumbua basi, ugali nimpimie. "Unampenda, Mama Yona, naona. Lakini unamwumiza."

Aibu kwanza, halafu hasira. Na yule jogoo jamani.

Ijumaa, 7 Machi

Hakuna soda. Yona kalia mpaka kapaliwa. Nimeingia jikoni nikalia na mimi. Mama mkwe kauliza nimezika mtoto kwa njaa, huyu namnyimaje. Tangu hapo hanisemeshi.

Jumapili, 9 Machi

Kutoka kanisani, kwenye kile kilima, Yona kakaa chini. Anahema, mdomo wazi. Watoto wa umri wake wako juu wanarushiana mawe. Baba yake kambeba. Nyumbani nimekuta kitumbua chini ya mto wake, bibi yake kamfichia. Nimemgombeza mama mkwe, siku ya Bwana, Mungu anisamehe. Naogopa. Mimi nilijua kuogopa mtoto akikonda tu. Hili la kunenepa sikufundishwa na mtu.

Jumanne, 11 Machi

Mvua tena. Mama mkwe bado kanuna, lakini leo hakuficha kitu, nimepekua.

Jioni ugali, maharage, mchicha. Yona kamaliza, kasogeza sahani. "Mama, niongeze."

"Umekwisha, mwanangu."

Haujaisha. Upo, nusu sufuria. Maneno hayo hayo nilimwambia Evelina kila jioni kule Mabamba, na kule yalikuwa kweli. Yeye hakulia. Alilamba vidole, akaenda kulala.

Yona kanuna kidogo, kisha katoka kucheza na mbuzi. Mama mkwe kaniangalia. Mimi sijala. Ugali uliobaki nimeufunika kwa sinia.