Ganda Lililopanda Dikoda

Jumapili, 10 Agosti

Nimerudi jana kutoka Diani – semina ya wahariri, siku tatu za kubishana kuhusu michoro ya kitabu cha sayansi cha darasa la nne. Leo Muindi, mchumba wangu, alinipeleka Woodley nikamsalimie mama yake. Sikwenda mikono mitupu! Nilimpelekea ganda la konokono wa bahari, kubwa kama ngumi ya mtoto, rangi ya chai ya maziwa. Nililiokota mwenyewe ufuoni. Hotelini palikuwa na tangazo la kukataza watu wasiokote chochote, lakini nilijishawishi kwamba ganda ni nyumba iliyohamwa, na nyumba iliyohamwa haina mwenyewe. Hoja dhaifu, nikiitazama sasa. Kule juani ilionekana imara kabisa.

Mama Muindi alilipokea kwa mikono miwili. Akaliweka kwenye kabati la vioo la sebuleni, juu ya kitambaa alichofuma mwenyewe, kati ya picha ya siku aliyostaafu uuguzi na seti ya vikombe ambavyo havijawahi kuonja chai. Muindi anasema hata yeye, na digrii zake mbili, hajafika rafu hiyo. Nadhani mama yake ananipenda. Nadhani. Ni mtu wa maneno machache, nami huyasoma hayo machache kama mtahiniwa.

Jumamosi watu wa Muindi wanaleta mbuzi wa ntheo kwa wazazi wangu, Kinoo. Kwa desturi ya Wakamba, bila mbuzi hao mimi si mke wa mtu, hata pasta atufungishe ndoa mara kumi. Kwa hiyo wiki hii sitakiwi kufanya kosa lolote. Ni wiki moja tu. Nitashindwa nini?

Jumatatu, 11 Agosti

Mama Muindi amepiga simu saa za kazi. Hajawahi! Salamu zilikuwa fupi.

– Wanjira, ile kitu ulinipea imetoka kwa kabati.

– Imetoka vipi, Mama?

– Imetoka. Nimeipata juu ya dikoda ya TV.

Nikasema, kwa upole, kwamba pengine Nasimiyu, msichana wake wa kazi, alikuwa akipangusa vumbi. Akasema Nasimiyu yuko off, ameenda kwa dada yake tangu jana. Kisha akasema atairudisha mahali pake, halafu tuone.

Hiyo "tuone" imeniharibia mchana mzima. Nimesahihisha ukurasa mmoja mara tatu, na bado sijui ulihusu nini.

Jumanne, 12 Agosti

Juu ya dikoda tena! Muindi amenipigia akiwa ananong'ona, ofisini kwake: "Babe, kwani hiyo ganda uliitoa wapi?"

Nikajitahidi kufikiri kwa utaratibu. Kitu kinachotembea chenyewe ni kiumbe. Kiumbe kinachoishi ndani ya ganda la marehemu mwingine – nikakumbuka! Yuko kaa wa namna hiyo ufuoni: nyuma yake ni laini, hana gamba la kutosha, basi huhamia maganda yaliyoachwa na konokono. Akitishwa hujivuta ndani, akakaa kimya kama jiwe. Na dikoda ni ya moto, nayo Nairobi mwezi huu ni friji. Maskini anapenya mlango wa kabati usiofunga vizuri, anatafuta Pwani. Kitu kilichokaribiana na Pwani katika nyumba nzima ni dikoda.

Furaha ya ugunduzi ilidumu dakika moja. Halafu nikatambua kwamba nimemzawadia mama mkwe mtarajiwa mnyama, akiwa hai, bila kumwarifu.

Nikampigia. Nikaeleza vizuri, kwa hatua.

– Kaa, akasema.

– Ndiyo, Mama.

– Wa baharini.

– Wa ufuoni. Huyu anaishi nchi kavu.

– Na amekuja na treni, akakaa kwa kabati, hajasema kitu.

– Alikuwa amejificha.

Akaguna kama muuguzi anayesikiliza mgonjwa akidai amemaliza dawa zote.

– Wanjira, wewe umesoma, akasema mwishowe. Lakini hata mimi sikuanguka jana kutoka kwa mti.

Kisha akaniuliza kama kule Pwani kuna mtu nisiyemjua aliyenipa kitu nikala. Nikasema wali wa nazi, hotelini. Nadhani hilo halikusaidia.

Jumatano, 13 Agosti

Mambo yamekuwa mabaya.

Jioni ya leo ilikuwa zamu ya Mama Muindi kupokea kikundi cha maombi cha akina mama wa kanisa lao. Muindi amenisimulia, naye alikuwa jikoni akipakua chapati. Walifumba macho kwa ombi la kufunga kikao. Ombi la Mama Quincy, mwenyekiti wao, si la kukimbizwa: linapitia serikali, shule, barabara ya Ngong, na kila mgonjwa kwa jina. Walipofumba, ganda lilikuwa kwenye dikoda. Walipofumbua, lilikuwa sakafuni, kando ya kiatu cha Mama Quincy!

Hakuna aliyeliona likitembea. Wote walikuwa waaminifu, wamefumba.

Mama Quincy akatoa uamuzi papo hapo: ni jini wa Pwani, amemfuata msichana. "Hii si ganda tu," alisema, "hii ni nyumba ya mtu!" Kitaalamu hajakosea sana.

Wameamua kufunga, bila kula mchana, hadi hapo litakapotulia. Na msafara wa Jumamosi hautaondoka mpaka Mama Muindi aridhike. Mbuzi wameshanunuliwa. Wako kwa mjomba wa Muindi, Mzee Kitheka, wanakula maua ya jirani.

Muindi anasema nisijali. Alisema hivyo mara nne.

Alhamisi, 14 Agosti

Nimeomba ruhusa kazini, nikaenda Woodley na ushahidi: nazi kutoka City Market, kisahani cha maji ya chumvi, na picha za kaa kwenye simu. Nilijiambia kwamba watu wazima wakionyeshwa jambo huliona. Imani yangu ilikuwa kubwa kuliko yao!

Akina mama saba walikuwa wamelizunguka ganda, limewekwa katikati ya meza kama mshtakiwa. Wakiimba. Na makofi! Mama Muindi alikuwa kitini, mikono mapajani, haimbi, analitazama tu.

Nikaweka kipande cha nazi. Nikangoja. Hakuna kilichotoka. Nikaomba, kwa heshima zote, tunyamaze kidogo, kwa sababu kelele zinamtisha.

– Si ndiyo tunataka atishike! akasema Mama Quincy.

– Lakini akitishika hatoki.

– Asipotoka hapa atatokea wapi? Tukinyamaza tutakuwa tumempea nafasi. Mama Kui, shika wimbo.

Mama Kui akashika wimbo. Kwa sauti ile hata mimi ningejifungia.

Kisha Mama Quincy akanisogelea, akaniuliza, si kwa ubaya:

– Msichana, wewe huyo kaa umemwona na macho yako?

– Hapana, nikasema. Lakini—

– Sisi pia jini hatujamwona. Basi tuko sawa.

Nimerudi kwangu Kileleshwa na swali hilo, na bado liko hapa nami mezani. Maana ni kweli. Sijamwona. Nina picha za kaa wengine, wa nchi za watu. Nina hoja iliyojengwa juu ya dikoda. Hoja ya ganda tupu pia niliijenga vizuri, nayo iliporomoka ndani ya siku mbili. Na hata kama kaa yumo, yu hai? Amekaa nje ya unyevu tangu Jumamosi, katika baridi hii, akiimbiwa.

Ijumaa, 15 Agosti

Muindi ameleta neno la mama yake: "Mathe amesema tunakuja." Nikapumua. "Amesema anakuja nayo." Nikaacha kupumua.

Zawadi inayorudishwa siku ya ntheo ina maana gani? Nimemuuliza mama yangu, kwa njia ya kuzunguka. Amesema anajua mambo ya Wagikuyu tu, na kwamba nilale.

Jumamosi, 16 Agosti

Naandika nikiwa katika chumba changu cha zamani, Kinoo. Hayajaisha! Watu wako nje, chini ya hema.

Walifika wakiwa wengi, na mbuzi. Mama Quincy naye alikuja, na chupa ya mafuta ya kupaka. Baba yangu amepokea salamu, Mzee Kitheka ametoa utani wake wote, na baada ya hapo akasema kwa adabu kwamba mbuzi hawatakabidhiwa kabla mama wa kijana hajasema neno. Kila mtu akamgeukia Mama Muindi. Akasimama, mkoba kifuani.

– Wanjira, kuja.

Akanileta huku chumbani, akafunga kwa ufunguo. Akafungua mkoba. Ndani mlikuwa na leso mpya, bado ina karatasi ya bei, na ndani ya leso, ganda, na chupa ndogo ya maji moto.

– Ulisema anataka joto, akasema. Nikasema sawa, tupime. Kama ni jini, atakasirika. Kama ni kaa, atashukuru.

Siku zote hizi alikuwa akipima! Wenzake wanaimba, yeye anachunguza.

Tukaketi sakafuni, tusiseme. Nje mbuzi analia. Kisha ganda likatikisika. Ukatoka mguu. Ukatoka mkono mmoja mkubwa, wa zambarau, kisha macho mawili kwenye vijiti.

– Ana macho, akanong'ona. Wanjira! Ananiangalia!

Akacheka bila sauti, mabega yakiruka, hadi machozi. Nami pia. Ghafla akaacha.

– Tangu Alhamisi sijakula mchana. Juu ya kaa.

– Pole, Mama.

– Na Mama Quincy ameambia kanisa nzima alimsikia jini akitaja jina lake. Wataniweka wapi? Akaniegemea karibu. Tutawaambia nini?

Akaniamuru niandike tutakayosema, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi yangu. Nimechukua kalamu. Anadhani ndiyo ninayoyaandika.

– Umefika wapi?

– Mwanzo, Mama.

– Andika tumeomba.

– Hatujaomba.

– Basi tuombe haraka.

Tumeomba. Amemwombea kaa safari njema ya kurudi Diani, na mimi niache kuokota vitu.

– Sasa andika imetoka.

Hilo, angalau, ni kweli. Kaa amemaliza kipande cha chapati alichotolewa mkobani, na sasa anapanda kiatu cha Mama Muindi. Mama Muindi hausogezi mguu wala kidole.

Mlango unagongwa. Ni Mama Quincy.

– Mama Muindi! Muko sawa huko ndani? Niingie na mafuta?

Mama Muindi amenitazama. Amemtazama kaa. Amesema kwa sauti kubwa:

– Usiingie! Namfunga mtoto leso!

Nje vigelegele vimelipuka: anayefungwa leso na mama mkwe amekwisha kupokewa. Mzee Kitheka anapaza sauti kwamba neno limesemwa, mbuzi waletwe mbele! Sijui kama lilikuwa neno au kisingizio. Sijathubutu kuuliza. Mama Muindi ananiambia niache kalamu nisimame, upesi, wanatungoja. Lakini leso ni moja, na kaa ameishika pembe kwa mkono ule mkubwa, na tukivuta, naye anavuta.