Tableti na Juzuu ya Kumi na Moja

Jumanne, saa tisa alasiri. Mawingu yamekaa juu ya Shela tangu asubuhi na mvua haitaki kushuka. Nimeinuka kitini mara nne na sijui nilikuwa nafuata nini.

Binamu yangu Athman anakwenda Mombasa kesho na anataka jibu leo: aninunulie tableti au asininunulie. Miezi sita nimemchosha kwa habari hii.

Simu ninayo. Laptopu ya kazi ninayo, navuka nayo kila siku hadi Ras Kitau, kwenye hoteli ndogo ninakoshughulikia maombi ya wageni. Tableti ya nini tena? Nimejipa sababu chungu nzima: bega linauma, kwenye boti nitasoma vitabu. Ukweli ni kwamba niliiona kwa mgeni mmoja nikaitamani. Kipya kinyemi.

Kisha ikaja jana.

Jana tulikuwa kwa jirani yetu Bi Zuhura, hitima ya marehemu mumewe. Sanduku la juzuu likafunguliwa, kila mwanamke akapewa yake. Zikisomwa zote thelathini ndipo hitima inatimia. Siku zote mama yangu huomba juzuu ya mwisho, ya Amma, nami nilidhani anaipenda tu. Jana ilikuwa imeshachukuliwa, akapewa ya kumi na moja. Akaifungua, akainama, midomo ikaanza kwenda. Nilikaa ubavuni pake nikasikia. Alikuwa anasoma zilezile sura fupi za Amma, kwa moyo, na kurasa anazifunua kwa mwendo mzuri kabisa.

Mama haoni maandishi.

Dua ikaombwa, halua ikapita, na juzuu moja haijasomwa. Nikamshika mkono tukarudi nyumbani.

Leo sikwenda kazini. Asubuhi nilimkuta dirishani, msahafu ameuinua hadi puani. Nikamwambia kwamba jana nilisikia. Akaushusha, akayafikicha macho.

"Ni mato, mwanangu. Usinitie aibu kwa wake wendangu."

Nikajitolea kuisoma mimi ile juzuu. Hakutaka. Alipewa yeye, ataisoma yeye, halafu ndipo atakwenda kumwambia Bi Zuhura.

Tulianza na simu, nikamfungulia juzuu humo. Herufi zikikuzwa hadi azione, mstari mmoja unakatika mara tatu naye anapotea. Nikaweka laptopu juu ya marufaa ya msahafu, ikateleza, nikaitegemeza kwa mto. Akasoma, polepole, kwa sauti, na mimi nikawa naigusa kila skrini ilipotaka kuzima. Katikati ya sura ya Yunus akasimama, akaweka kidole kwenye kioo.

"Aya hini nina miaka mitatu siioni kwa mato. Naisikia tu."

Miaka mitatu! Nyumba moja, sinia moja, na mimi kutwa nimeinamia skrini. Nimeona haya, na bado naona haya hapa nilipokaa.

Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Zilipobaki kurasa mbili, chaji ya laptopu ikaisha.

Hapo nikamtajia tableti. Akakataa katakata: hawezi kwenda kwenye hitima za watu na kitu cha kung'aa, aonekane kama anaangalia picha. Baadaye, anakuna nazi, akaniuliza kama kitu hicho chaweza kushonewa mfuko wa kitambaa, kama ule wa msahafu. Nikamwambia chaweza. Akauliza upana wake.

Nimempigia Athman sasa hivi. Nimemwambia achukue ile kubwa. Akanicheka, akataka kujua baada ya miezi sita nimechagua rangi gani. Nikamwambia muulize mwenyewe, ni ya mama. Sitadanganya, neno hilo liliniuma kidogo kulitamka.

Athman atarudi Jumamosi. Mama hawezi kungoja Jumamosi. Amekaa mbele ya laptopu iliyozima, mtandio wake wa kusalia kichwani, chakula hataki, Bi Zuhura amepita mara mbili mlangoni na mara zote mbili mama amejifanya hakumsikia.

Ningezisoma mimi hizo kurasa mbili, kwa dakika tano zimekwisha. Msahafu uko mkononi mwangu. Nimeufungua, nimeufunga.

Sitazisoma. Yarabi, urudishe umeme.