Pete ya Fuvu Yenye Jina la Vesterling

Jumatatu, 6 Oktoba 1986

Mvua tangu asubuhi. Mji mzima wa Goslar umejifungia ndani. Wateja wawili tu. Wa pili ni Bwana Kalthoff, yule mkusanyaji wa vitu vya vita — ananichosha! Akafungua leso mezani: pete ya fedha yenye fuvu. Ya maofisa wa SS, lile jeshi la chama kilichotutawala wakati wa vita. Kanipa wiki moja nimwambie ni ya kweli au ya kusubu tu, fedha iliyomiminwa kwenye kalibu. Za bandia zimejaa kila mahali, anasema, na mnunuzi wake hataki porojo, anataka karatasi yenye saini ya sonara.

"Jicho lako halidanganyi, Bi Behnke."

Sivipendi vitu hivi. Nimekubali. Kazi ni kazi.

Alipotoka nikaitia chini ya lenzi. Ndani kuna maandishi: kwa mpendwa wake — kisha jina la ukoo — tarehe ya Novemba 1943 — na saini ya mkuu wa SS mwenyewe.

Jina: Vesterling.

Nikaketi.

Kalthoff hajui. Hapa mjini wananijua kwa jina la marehemu mume wangu. Vesterling niliacha kuitwa siku ya ndoa.

Jumanne, 7 Oktoba

Akina Vesterling wako wengi. Si lazima awe yeye.

Nihesabu nilicho nacho cha Baba. Picha moja, Mama aliikata kwa mkasi chini ya kidevu. Nilipouliza kwa nini, alisema karatasi iliingia unyevu. Na hadithi moja: alikuwa dereva wa lori la mikate jeshini, akapotea mashariki. Basi. Hata sauti yake sijui ilikuwaje.

Mwaka 1955, mateka wa mwisho wa vita walipokuwa wanarudi kutoka mashariki, nilikuwa na miaka kumi na miwili. Nilisimama stesheni na kipande cha boksi nimeandika jina lake. Treni tatu. Wanaume walipita wakisoma kile kiboksi, wakitikisa kichwa. Mmoja alinipa tufaha. Nikamwuliza kama ana binti. Akageuka akaenda zake.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimeichunguza siku nzima, mlango nimeufunga.

Za kusubu zina vitundu vidogo, kama mkate. Hii haina. Fuvu lilitengenezwa peke yake, likaunganishwa kwa lehemu. Mstari wa kiungo unaonekana. Maandishi yamechongwa kwa mkono — ncha ya chuma imeteleza kidogo kwenye herufi ya V. Fedha imelika upande wa kiganja, kama pete iliyovaliwa hasa.

Nilikuwa natafuta kitundu. Kimoja tu! Kingeniambia Baba hayumo humu. Na kila nilipokikosa, moyo ulifurahi. Aibu gani hii. Nafurahia nini?

Mpendwa wake Vesterling. Maisha yangu yote sijawahi kusikia mtu akimwita mpendwa. Mama hamtaji. Na wa kwanza kumwita hivyo ni mtu aliyejenga kambi za kuua watu.

Jumamosi, 11 Oktoba

Nimemwuliza Mama. Alikuwa anamenya viazi. Nimesema tu: kuna pete imeletwa dukani, ndani imeandikwa Vesterling.

Hakuinua kichwa. "Baba yako alikuwa anabeba mikate, Roswitha."

"Mama, nina miaka arobaini na tatu."

"Basi jifunze kuacha marehemu walale."

Kiazi alichokuwa nacho alikimenya mpaka kikawa kama kokwa.

Jumapili, 12 Oktoba

Mama hakwenda kanisani. Amekaa dirishani na shali lake. Baada ya supu, bila kuulizwa:

"Hilo bonyeo kwenye shavu la fuvu, bado lipo?"

Sikuwa nimemwambia kama pete ina fuvu.

Lipo, nikasema. Upande wa kushoto. Nilidhani ni nyundo ya fundi.

Si nyundo, akasema. Mpini wa pampu ya maji, nyuma ya nyumba, siku Baba alipokuja likizo ya mwisho. Aliupiga ngumi kwa hasira. Hakusema hasira ya nini, na Mama hakutaka kujua. "Tulikuwa hatutaki kujua, mwanangu. Ndivyo tulivyoishi."

Kisha kwa sauti ndogo: "Ulikuwa unaota meno. Ulilia siku tatu. Hukunyamaza mpaka alipokupa kidole. Ukaitafuna pete hiyo hiyo, mate yanamchuruzika mkononi. Yeye anacheka."

Nikatoka nje. Nilitembea mpaka kwenye boma la mji na kurudi, sijui nilipita wapi. Kwa hiyo alinishika! Miaka yote hii nilitamani kitu kimoja kutoka kwake, na ndicho hiki. Kwa nini kiwe hiki?

Jumatatu, 13 Oktoba

Saa nne na robo asubuhi. Kalthoff yuko dukani. Nimemwambia naandaa kahawa kwanza, naandikia huku nyuma.

Karatasi sijaandika. Nikisema bandia, bei itaanguka, ataniuzia kwa pesa ya kununulia soseji. Lakini miaka ishirini na miwili sijadanganya juu ya fedha, na mnunuzi wake, anasema, ataivaa kwenye sherehe. Ataivaa! Nikiipata mimi nitaitunza au nitaiyeyusha? Sijui. Kweli sijui. Jana mchana niliibusu. Halafu nikaosha mdomo.

Kengele ya mlango imelia. Nimechungulia. Ni Mama! Kavaa koti jeusi na kofia. Tangu Pasaka hajatoka peke yake. Kalthoff kampisha kiti, anamwonyesha kwa fahari: pete ya shujaa hii, mama, watu kama hao hawapatikani tena.

Mama amevua glavu. Amenyoosha mkono, kiganja juu.

"Nipe niione, kijana. Mimi nilimfahamu."

Kalthoff amecheka. Sasa hacheki. Mama anaongea taratibu sana, anataja mji alikokuwa Baba kazini — si wa mashariki, si njia ya lori la mikate — anataja na mwezi. Maji yanachemka hapa, sisikii vizuri. Nimezima jiko. Anasema: "Andika, Roswitha. Andika kwamba ni ya kweli, kisha njoo ukae hapa, nikwambie kuanzia mwanzo —"