Taa nyekundu ya taksi ya tonton

Mujukuu wangu Furaha,

Hapa Mangobo tuko wazima, na mama yako mudogo amezaa mutoto mwanaume. Unauliza kama umufiche mama yako, huko Goma, pointi mbaya za mutihani. Bon. Nikiwa kijana nilifunga alternatere, ile mashine ya kujaza batri, kwenye taksi ya zamani ya tonton, mujomba wangu. Alisema taa nyekundu ya batri, pale mbele ya dereva, inatisha abiria, donc niliitoa. Kuanzia siku hiyo batri ilikufa kila jioni. Nilifungua waya zote mara tatu, sikukubali kushindwa. Mwisho nikarudisha taa, na batri ikajaa: umeme wa kuamsha alternatere ulikuwa unapitia pale.

Muonyeshe mama hizo pointi. Akikasirika, usikimbie, hapo ndipo ataanza kukusaidia.

Koko yako