Walivyomtukana Pamba saluni

Mwenzangu, leo nimeaibika saluni, mpaka sasa masikio yanawaka moto.

Si unajua sungura wangu Pamba alikufa jana? Nikaenda kazini hivyo hivyo. Niko katikati ya kumsuka mteja, machozi yakaanza kumdondokea kichwani.

Akaniuliza, "Ni mwanaume, sivyo?" Na kweli, Pamba alikuwa dume. Nikaitikia kwa kichwa.

Bosi akadakia, "Alikuwa anafanya kazi gani huyo?"

Nikasema hakuwa na kazi. Alikuwa anakula na kulala tu. Sasa ningedanganya?

Saluni nzima ikalipuka! "Kupe huyo!" "Mshukuru Mungu ameondoka!" Kupe! Pamba wangu anaitwa kupe, na mimi nimeshika rasta mkononi!

Uvumilivu ukanishinda. "Msimtukane marehemu! Ni sungura wangu!"

Draya ikazimwa, vichwa vyote vikanigeukia. Nikajua nimekwisha, hapa nitachekwa mpaka nizeeke.

Yule mteja akanitazama kwenye kioo. "Ukirudi nyumbani, alikuwa anakuja mlangoni?"

"Kila siku, dada."

Akashusha pumzi. "Mume wangu ni mzima wa afya, na nikiingia hata hainui macho kwenye simu. Lia, mdogo wangu. Wewe umefiwa kweli."