Paka Mmoja Alichomwa Mara Mbili

Mpendwa mshauri, naomba msaada kwa jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata rafiki yangu wa dawati moja. Nyumbani tuna paka wawili weusi, Moshi na Masizi, wanafanana mpaka shangazi yangu, ambaye ni daktari wa wanyama, hawezi kuwatofautisha, na juzi alipokuja kuwachanja dhidi ya kichaa cha mbwa nilimpelekea Moshi, nikatoka naye, nikazunguka jikoni, nikamrudisha huyohuyo, huku Masizi nimemfungia bafuni. Shangazi akacheka, "Huyu wa pili mpole kweli, utadhani keshazoea sindano!" Nikatabasamu tu, mimi si msemaji. Nilikuwa nimesoma maktabani kwamba chanjo nyingine hukuzwa ndani ya seli za wanyama, na kwamba virusi vilivyojificha kwenye seli za paka viliwahi kukutwa ndani ya chanjo, nikaona bora mmoja abaki salama, lakini sasa mtaani ameonekana mbwa mwenye kichaa, Masizi hutoroka kila jioni, na mdogo wangu hulala naye kifuani. Nimeamua kusema, ila nianzeje? Na je, niliyosoma ni uongo?

Mpenda Vitabu

Mwanangu, si uongo, na asikucheke mtu kwa kusoma. Nimemuuliza mtaalamu: hatari hiyo ipo, ndiyo maana watengenezaji hupima seli na chanjo yenyewe kabla haijatoka, na virusi hivyo vya paka havijathibitishwa kuwaletea ugonjwa wanyama waliochanjwa. Kichaa cha mbwa je? Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Sasa linganisha mwenyewe. Msomi mzima umesoma ukurasa mmoja ukafunga kitabu, na daktari yuko sebuleni kwenu! Ulikuwa na swali zuri, ukalifungia bafuni pamoja na paka. Na Moshi aliyechomwa mara mbili, nani atamwangalia? Mwambie shangazi leo. Ulimi ukigoma, mpe gazeti hili asome. Masizi asitoke wala asilale na mtoto. Mkague mdogo wako. Ukiona alama ya meno au kucha, osheni kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka, kisha hospitali siku hiyohiyo.

Mpendwa mshauri, nilimkuta shangazi akifua koti lake la kazi, nikamwambia yote huku nikitazama beseni. "Kumbe ndiyo maana alikuwa mpole!" akasema, kisha akakamua koti. "Ungeniuliza tu, mama."

Alimkagua mdogo wangu na Masizi, hawana hata mkwaruzo. Moshi naye yuko salama. Nikauliza maswali yangu yote, mengine akajibu, mengine akasema hajui na atawauliza watengenezaji. Halafu nikamshika Masizi kwa mikono yangu mwenyewe akachomwa, akalia mtaa mzima ukasikia. Alipotulia nikamfunga uzi mwekundu shingoni.