Yule wa Ukutani Si Wewe

Mama,

Sikuulizi habari za huko, maana hata ukinijibu nitataka ushahidi. Unanijua.

Hapa Mnyuzi kuna mwanamke amehamia ukutani kwako, juu ya kochi, pale ulipokuwa ukitundika kalenda. Mweupe, pua imechongwa, shavu laini kama yai. Amevaa kitenge chako cha kijani. Watu wanaokuja kutoa pole humtazama yeye wakasema, "Jamani, mama alikuwa mzuri." Nami nawakagua mmoja mmoja, nijue ni nani kati yao aliwahi kukuona.

Ni kazi ya Rehema, mdogo wangu, na simu yake. Ndiyo picha aliyoibeba mbele ya jeneza. Siku ile sikuwa na macho. Nimekuja kuona baada ya arobaini, wageni walipopungua: kovu halipo. Lile la mwiba wa mkonge, chini ya jicho la kushoto, ulilolipata shambani ukiwa na mimba yangu.

Nikamvaa Rehema. Akanijibu bila kupepesa macho, "Mama mwenyewe aliniomba. Alisema nitoe kovu, na weusi niupunguze kidogo."

Sikumwamini. Rehema hata sahani ya ugali huing'arisha kwanza ndipo aiposti.

Lakini juzi nilifungua mkoba wako, Mama. Ndani ya leso nikakuta poda, ya rangi isiyo yetu. Imelika katikati tu, kishimo cha ncha ya kidole. Nikakaa nayo kitandani kwako.

Maana ni wewe uliyenikamata na mkorogo nikiwa kidato cha pili, nilipotaka kufanana na wasichana wa matangazo ya sabuni. Ukaumwaga chooni, ukasema, "Hii ngozi nimekupa mimi. Kama umeichoka, nirudishie mwenyewe." Nimeishi kwa maneno hayo. Ndiyo yaliyonifanya nijitazame kwenye kioo bila kuona haya. Sasa nakuuliza: uliyaamini? Au ulikuwa ukinidanganya, huku ukijipaka asubuhi kabla hatujaamka?

Basi jana nilikwenda Korogwe mjini na kadi yako ya kupigia kura, wakuze picha yake. Mwenye studio akauliza, "Nimng'arishe kidogo?" Nikamwambia asiguse kitu. Akaitikia upesi mno, nikavuta kiti nikakaa nyuma yake. Mara mbili nilimwona akisogeza mshale kuelekea shavuni, mara mbili nikakohoa. Sikuondoka mpaka mashine ilipotoa karatasi.

Nilipofika nyumbani niliifungua mbele ya Neema. Mwanangu bado mdogo, unakumbuka, alikuwa halali mpaka umpakate. Tangu uondoke amekuwa akimpita yule wa ukutani hata hamtazami. Hii aliiinamia, akaichungulia, kisha akaweka kidole chini ya jicho la kushoto.

"Bibi," akasema. Hakukitoa kidole.

Nililia, Mama, na hasira zikiwemo. Pale ulipokuwa ukipaficha ndipo mtoto huyu anapokujulia.

Kama kweli ulimwomba Rehema, nimekusamehe. Lakini kwa hili sitakutii. Yule nimemshusha, na wewe nimekutundika, na kovu lako na weusi wako wote. Rehema amenuna, atazoea.

Poda nimeihifadhi. Neema ana pua yako, ambayo ndiyo yangu, na najua ipo siku simu itamwambia ni mbaya. Siku hiyo nakuahidi nitamwambia ulivyomwaga mkorogo wangu. Kisha nitamwonyesha na kile kishimo cha kidole, ajue kwamba hata wewe wale wa matangazo walikupata. Sitamficha.

Lala salama, Mama. Lala na sura yako.

Mwanao,
Agnes